Mas'ala ya Mpira wa Mkojo kwa Mwanamke Aliyepasuliwa

Katika darasa ya mama zetu hapa Bamburi lilikuja swali ambalo mwenye kuliuliza aliliandika katika kipande cha karatasi, akakikunja mara nne, kisha akampa mtoto atuletee. Swali lenyewe ni hili: Mwanamke amepasuliwa, akatolewa kizazi. Amerejea nyumbani na mpira wa mkojo, na mfuko wake waning'inia ubavuni mwa kitanda. Ameambiwa akae nao siku 14. Leo ni siku ya tano, naye hajasali hata sala moja, kwani kila akitaka kusali huambiwa kuwa ana najisi. Shangazi yake asema kuwa mpira na uvutwe utoke, apate kujitwaharisha. Je, yafaa?

Jibu tulilipeleka siku ile ile kwa mdomo, kwani jambo hili halikuwa la kungoja karatasi hii ipigwe chapa. Tulisema: Haifai, mpira usiguswe, na sala asali hivyo hivyo alivyo. Walakini jibu fupi halikidhi haja, na tuna yakini kuwa karatasi hiyo iliyokunjwa mara nne imeandikwa na mmoja kwa niaba ya wengi. Kwa hivyo tumeona vyema kulifanya somo zima, wala hatuoni haya kulieleza. Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na wao waliuliza mambo mazito kuliko hili.

Kwanza tuujue mpira wenyewe. Ni mrija laini wa mpira au wa silikoni, upana wake kwa mwanamke mzima ni kama milimita 5 hivi, nao hupitishwa katika njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu. Njia hii kwa mwanamke ni fupi, yapata sentimita 4 tu. Kwenye ncha ya mrija pana kiputo kidogo. Mpira ukisha kufika ndani, muuguzi hukijaza kiputo maji safi kwa bomba la sindano, mililita 5 mpaka 10, kikavimba, na hicho ndicho kiuzuiacho mpira usitoke. Upande wa nje mrija huungwa na mfuko, na mkojo huteremka wenyewe kidogo kidogo bila ya mgonjwa kujikaza.

Hapa ndipo aliposahau yule shangazi, na tunamuombea Mungu amlipe kwa nia yake njema. Kiputo kilichojazwa mililita 10 kina upana wa zaidi ya sentimita 2 na nusu. Mwenye kuvuta mpira pasi na kuyatoa maji yale huvuta kitu kipana mara tano kuliko mrija wenyewe, akakipitisha katika njia nyembamba iliyo laini kama ngozi ya ndani ya shavu. Huichana njia, damu ikatoka, na pengine misuli izuiayo mkojo ikadhurika, mtu akawa hawezi tena kujizuia. Yaani mwenye kuutoa mpira kwa ajili ya twahara huweza kumwachia mwanamke upungufu wa twahara wa umri mzima.

Chombo hiki si kigeni kwetu kama wanavyodhani baadhi ya watu. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki karibu na mwaka 1013, alikieleza katika kitabu chake At-Tasrif: mrija mwembamba wa fedha, laini, wenye uwazi ndani, wa kumtolea mkojo mtu aliyezibana. Waarabu walikiita qathatir, na neno hilo walilipata kwa Wayunani, kama walivyolipata Wazungu. Tafauti ni kuwa mrija wa fedha uliingizwa ukatolewa papo hapo. Mpira wenye kiputo, ukaao ndani wenyewe siku nyingi, ulitengenezwa katika miaka ya 1930 na tabibu wa Marekani, Frederick Foley, na mpaka leo mahospitalini huitwa kwa jina lake.

Sasa, kwa nini hutiwa mwanamke anayepasuliwa uzazi? Watu wengi hudhani ni kwa kumrahisishia mgonjwa asiende chooni. Hiyo ni faida ndogo katika faida zake. Kibofu kimekaa mbele ya kizazi, vimeshikana kama kurasa mbili za kitabu kilicholowa. Kibofu kilichojaa hupanda juu tumboni, kikaja mahali pale pale pa kisu. Kilichokuwa kitupu hunywea chini ya mfupa wa kinena, na mpasuaji akapata nafasi. Akitoa mtoto kwa kupasua, au akiondoa uvimbe wa kizazi, au akitoa kizazi chote, hana budi kukisukuma kibofu kando, na katika kutoa kizazi hukibandua kabisa. Na karibu na shingo ya kizazi, kwa umbali usiozidi sana sentimita 2, hupita njia mbili nyembamba ziletazo mkojo kutoka mafigoni. Ni kazi ya hadhari, hata kwa mkono uliozoea.

Kisha yako mambo mawili mengine. Mwenye kuchomwa ganzi ya mgongo hupotewa na hisia za kibofu kwa muda wa saa kadhaa. Hujaa asijue, na kibofu kilichojaa kupita kiasi huchoka kama mpira uliovutwa sana, hata ganzi ikiondoka kisiweze kujikamua. Na la pili, mfuko ule ni kama saa ya ukutani mbele ya daktari. Mwanamke mzima yapasa apate mkojo usiopungua mililita 30 kwa kila saa, au zaidi kwa mwenye mwili mkubwa. Ukipungua, daktari hujua kuwa damu imempungua, au maji, au mafigo yamesumbuka, kabla hajaona alama nyingine. Ndiyo sababu wauguzi huja usiku wakauangalia mfuko hali mgonjwa amelala, na jamaa wakanung'unika kuwa wanamsumbua.

Basi mpira wa aina hii ya kwanza, uliotiwa kwa ajili ya upasuaji uliokwenda salama, haufai kukaa. Nasi twalisema hili kwa nguvu ile ile tuliyokataza kuuvuta, kwani hapa kosa huwa upande wa pili: mpira husahauliwa. Vijidudu hupanda kando ya mrija, na madaktari wamehesabu kuwa kila siku mpira ukaapo ndani, wagonjwa 3 mpaka 7 katika kila 100 hupata vijidudu kibofuni. Kwa hiyo wiki moja bila ya haja si jambo dogo. Mwongozo uliotolewa mwaka 2009 na idara ya Marekani ya kuzuia maradhi, CDC, wasema mpira wa mgonjwa wa upasuaji utolewe mapema iwezekanavyo, na ikiwezekana ndani ya saa 24. Mwanamke aliyezaa kwa kupasuliwa, akisha kuamka na kuweza kusimama, na ganzi imemwisha, kwa kawaida hana haja nao tena. Haikatazwi mgonjwa au mumewe kumwuliza muuguzi kwa adabu: Dada, mpira huu bado wahitajika leo? Swali hilo liulizwe kila asubuhi. Wengine huona kuwa kuuliza ni kumfundisha kazi mwenye kazi, lakini wodi zina wagonjwa wengi na wauguzi ni wachache, na mwenye kukumbusha amesaidia.

Ama muulizaji wetu, hali yake ni nyingine. Tulipotuma mtu amwulize vyema, ilibainika kuwa katika kutolewa kizazi kibofu chake kilichanika kidogo, kwa kuwa alikwisha kupasuliwa mara tatu kabla ya hapo na nyama zilikuwa zimegandamana. Mpasuaji aliona, akashona palepale, akamwambia. Hili ni jambo lijulikanalo katika upasuaji wa namna hii, wala halina lawama kwa mtu. Lakini kibofu kilichoshonwa hakina budi kupumzishwa siku 7 mpaka 14, kwa kadiri daktari aonavyo ukubwa na mahali pa mshono. Sisi watu wa Bamburi twaishi karibu na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954, na mafundi wetu wajua: birika lililozibwa ufa halitiwi maji siku ile ile. Kibofu hakiwezi kuambiwa kisijaze, kwani mafigo hayalali. Njia ya pekee ya kukipumzisha ni kuuacha mkojo utoke kila unapoingia, na kazi hiyo ndiyo ya mpira. Ukitolewa siku ya tano, kibofu hujaa, kikavutika, mshono ukaachia, na mkojo ukatafuta njia pasipo njia.

Na mkojo ukipata njia pasipo njia, ugonjwa huo ndio uitwao nasuri, na mahospitalini huitwa fistula. Hatuna budi kukaa hapa kidogo, kwani ndiyo khofu yenyewe iliyo nyuma ya somo hili.

Nasuri mara nyingi haitokani na kisu, bali na kukosekana kisu kwa wakati wake. Mwanamke hushikwa na uchungu siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto kimekwama, nacho hukibana kibofu kwenye mfupa wa kinena. Nyama iliyobanwa hukosa damu ikafa. Mtoto aghalabu huzaliwa amekufa, na baada ya siku chache nyama ile hubanduka, pakabaki tundu baina ya kibofu na njia ya uzazi. Tangu hapo mkojo hutiririka mchana na usiku bila ya yeye kuhisi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliandika jambo hili katika Al-Qanun. Alisema kuwa wasichana walioozwa wadogo sana huogopewa kuchanika kibofu kwa uzito wa mtoto, na kuwa ugonjwa huo haukuwa na dawa katika zama zake, kwa hivyo tabibu awafundishe namna ya kujizuia na mimba. Imepita karibu miaka elfu, na bado wako watu wanaomwoza mtoto kisha wakimwona ananuka mkojo humpeleka kwa mganga kutolewa jini.

Dawa ilipatikana, na ilipatikana kwa njia chungu. Katika miaka ya 1840, katika jimbo la Alabama huko Marekani, tabibu J. Marion Sims aliwajaribia wanawake watumwa, bila ya dawa ya kuzuia maumivu, na bila ya wao kuwa na uwezo wa kukataa. Majina yao matatu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Lucy ndiye aliyepasuliwa kwanza. Sims alishona tundu lake, kisha akamtia kipande cha sifongo ili kiunyonye mkojo na kuutoa nje. Sifongo ikagandamana na chumvi za mkojo ikawa kama jiwe, ikamtia homa iliyokaribia kumwua. Baada ya hapo Sims alitengeneza mrija wa fedha uliopindwa, ukaao ndani wenyewe, na mwaka 1849, Anarcha akisha kupasuliwa yapata mara 30, tundu lake likafunga. Twakumbusha khabari hii si kwa kumtukuza mpasuaji. Mwenye kusoma ataona kuwa kushona peke yake hakukutosha. Mshono haukushika mpaka ilipopatikana njia ya kuutoa mkojo kwa salama siku zote za kupona, na waliolipa gharama ya kujua hilo ni wanawake hao.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, Catherine na Reginald Hamlin walifika Uhabeshi mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua Addis Ababa hospitali ya nasuri peke yake. Katika Kenya nako wako wapasuaji waliofundishwa kazi hii, na mara kwa mara hufanywa kambi za kupasua bila ya malipo. Tarehe 23 Mei ya kila mwaka imewekwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya kuutangaza ugonjwa huu. Mwenye ndugu aliyejificha nyumbani kwa sababu hii asiseme kuwa hakuna dawa.

Hata baada ya kushonwa nasuri, siku za mpira ndizo zenye khatari. Ilikuwa kawaida ya wapasuaji wengi kuuacha siku 14 au zaidi, na kwa kuwa vitanda ni vichache, mwanamke mmoja mwenye mpira alimzuilia mwenzake nafasi. Kwa hivyo ulifanywa uchunguzi katika nchi nane za Afrika, na Kenya, Uganda, Kongo na Uhabeshi zilikuwamo. Wanawake 524 walioshonwa tundu zisizokuwa ngumu waligawanywa: hawa mpira ukae siku 7, na hawa siku 14. Matokeo yalipigwa chapa mwaka 2015 katika jarida la matibabu la London, The Lancet, nayo yalionyesha kuwa siku 7 hazikuwa na khatari zaidi ya siku 14. Baadaye, mwaka 2018, Shirika la Afya la Dunia likapendekeza siku 7 mpaka 10 kwa tundu zisizo ngumu. Mtu asije akaichukua khabari hii akasema, Basi mimi yangu yatosha wiki. Hukumu ile ni ya tundu nyepesi, na anayejua wepesi na uzito wake ni yule aliyeliona kwa macho yake na kulishona.

Na liko jambo ambalo twatamani kila mkunga na kila mama mkwe alijue. Mwanamke aliyekaa na uchungu muda mrefu, hata akizaa salama, huweza kuachiwa mpira siku kadhaa kwa kukinga tu, ili nyama iliyobanwa ipate nafuu kabla ya kubanduka. Na tundu likisha kutokea, likiwa dogo na jipya, pengine hufunga lenyewe bila ya kupasuliwa, maadamu kibofu kiwe kitupu wiki kadhaa kwa mpira. Nafasi hiyo hupita upesi. Mwanamke anayeona mkojo wamtoka baada ya kuzaa asingoje arubaini iishe ndipo aseme.

Tuje katika utunzaji wa mpira nyumbani. Mfuko uwe chini ya kibofu wakati wote, amelala, amekaa au anatembea. Ukiinuliwa juu, mkojo wa mfukoni hurejea ndani na vijidudu vyake. Usilazwe sakafuni, bali utundikwe kwenye ubao wa kitanda. Mrija usipindike wala usilaliwe. Umwagwe kabla ya kujaa, na mwenye kuumwaga aoshe mikono kwa sabuni kabla na baada, wala asiubandue mrija na mfuko, bali atumie kizibo cha chini. Mgonjwa aoge kama kawaida, na pale mpira unapoingilia paoshwe kwa maji na sabuni, kutoka mbele kwenda nyuma. Pasitiwe dawa za kuulia vijidudu, wala mafuta, wala asijifukize udi kwa chini mpaka apone. Na wakandaji wetu, kazi yao twaijua na twaiheshimu, lakini tumbo lenye mshono halikandwi kwa maji ya moto.

Wako wanawake wanaoacha kunywa maji ili mfuko usijae, wasiwape taabu wauguzaji. Hii ni kinyume cha matakwa. Maji mengi husafisha mrija na kuzuia kuziba. Ikipita saa kama nne mfuko hauongezeki hali mgonjwa anakunywa, na tumbo la chini lauma, kwanza tazama kama mrija umepindika. Usipopindika, ni hospitali, wala isingojewe asubuhi. Kadhalika homa na kutetemeka, maumivu ya kiuno, mabonge ya damu, au mkojo kupitia kando ya mpira au njia ya uzazi. Zamani sisi wa bara hii tulikuwa na udhuru wa daraja la kuelea la Nyali. Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980, na tuktuk hazilali.

Tumebakiwa na sala, nayo ndiyo iliyoleta swali. Kwanza tuwatoe walio nje ya mas'ala. Aliyezaa kwa kupasuliwa na damu ya uzazi yamtoka yumo katika nifasi, hasali kwa sababu ya nifasi, si kwa sababu ya mpira, na nifasi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi mwisho wake ni siku 60, aghalabu yake ni 40. Ama aliyepasuliwa uvimbe, au aliyetolewa kizazi, au aliyeshonwa nasuri, damu imtokayo katika kidonda cha kisu si hedhi wala nifasi, na sala yamlazimu.

Huyu hukumu yake ni ya mtu asiyezuilika mkojo, ambaye wanazuoni humwita salisul-bauli. Asili yake ni hadithi ya Fatima binti Abi Hubaishi iliyo katika Sahihi Bukhari. Alikuwa atokwa na damu isiyokatika, akamwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama aache sala. Mtume akamfahamisha kuwa ule ni mshipa wala si hedhi, akamwamrisha asali, na atawadhe kwa kila sala. Basi mwenye mpira angoje wakati uingie. Mfuko umwagwe, paoshwe palipo na najisi ya nje, kisha atawadhe na asali bila ya kukawia. Nia yake ya udhu iwe ni kuhalalishiwa sala, si kuondoa hadathi, kwani hadathi yake yaendelea. Udhu mmoja ni kwa fardhi moja na sunna azitakazo. Mkojo unaopita katika mrija wakati anasali haumharibii, kwani hana hila nao.

Kuna anayeuliza juu ya mfuko: Si kabeba najisi? Naam, lakini kaibeba kwa dharura, na kuiondoa ni kujidhuru. Na mwenye kutaka ihtiyati, akafuata kauli ya wale katika wanazuoni wetu wanaomlazimisha kukidhi aliyesali na najisi asiyoweza kuiondoa, na akidhi akisha kupona. Lakini kuiacha sala ikapita wakati wake kwa sababu ya mpira, hatujamwona imamu aliyeiruhusu. Zile sala za siku tano zilizompita muulizaji wetu atazikidhi kidogo kidogo.

Jeraha la tumbo halihusiani na udhu, kwani tumbo si katika viungo vya udhu. Aletewe beseni kitandani, amiminiwe. Akikatazwa maji na daktari, atatayamamu. Akiweza kusimama asimame, asipoweza akae, asipoweza alale kwa ubavu, kama Mtume alivyomwelekeza Imrani bin Huswaini katika maradhi yake. Na ikimtaabisha kutawadha mara tano, ipo rukhsa ya kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Kauli mashuhuri kwetu ni kuwa ugonjwa si sababu ya kukusanya, lakini Imamu Nawawi, naye ni nguzo katika madhehebu, aliitia nguvu kauli ya kujuzu, na madhehebu ya Imamu Ahmad yairuhusu. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa ana haki ya kuishika.

Siku ya 14 muulizaji alirejea hospitali. Muuguzi aliyatoa maji ya kiputo kwa bomba la sindano, na mpira ukateleza ukatoka kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Aliambiwa anywe maji, na kama saa sita zingepita bila ya kwenda haja ndogo, arudi. Hazikupita.

Kisha ikatujia karatasi ya pili, safari hii imekunjwa mara mbili tu: Mpira ukitiwa katika mchana wa Ramadhani, saumu yaharibika? Katika vitabu vyetu vya Kishafi kauli yenye nguvu ni kuwa kiingiacho katika njia ya mkojo hubatilisha saumu. Maimamu wengine hawakuona hivyo, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha kumi huko Jidda, mwaka 1997, ilikata kuwa mrija unaotiwa katika njia ya mkojo, wa mwanamume au wa mwanamke, haubatilishi. Hata hivyo mwenye kupasuliwa ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa kula na kukidhi siku nyingine.